KADI YA NJANO HAINUNULIWI

Haya ni maneno ya Bwana Afya mmoja mstaafu aliyoyasema mbele ya mkutano wa wanachama na wapenzi wa chama mjini Bukoba. Tumeyapiga chapa karibu yote, kwa sababu wengi waliosimama nje hawakuyasikia vizuri.

Ndugu Mwenyekiti, akina mama na akina baba, ndugu wanachama, na ninyi vijana mliojaa mlangoni,

Katibu aliponiandikia barua aliniomba nizungumze juu ya afya kwa jumla. Nilimjibu kwamba afya kwa jumla ni shamba kubwa mno kwa jembe la mzee mmoja. Basi nimekuja kuzungumza juu ya karatasi moja tu, kadi ile ya manjano ambayo msafiri huionyesha mpakani pamoja na pasipoti yake. Hapa kwetu ni watu wengi wanayo. Dereva wa basi anayo, mama anayekwenda Masaka kutafuta bidhaa anayo, kijana anayesoma Kampala anayo. Sasa nataka kuuliza jambo, wala asinyanyue mtu mkono, maana sikuja hapa kama polisi. Ni wangapi kati yenu mnayo kadi, lakini sindano hamkuchomwa?

(Kicheko.)

Mmecheka. Basi nimekwisha jibiwa.

Nitaanza na habari yangu mwenyewe ili msione kwamba nawanyooshea kidole. Mwaka mmoja nilikuwa nasafiri kwenda harusini kwa mtoto wa ndugu yangu. Kadi yangu niliisahau nyumbani, ndani ya kitabu. Nilipofika kwenye mpaka mmoja, ambao sitautaja, kijana akanivuta kando kwa adabu kabisa. Akaniambia, "Shikamoo mzee. Usisumbuke. Toa kitu kidogo, kadi hii hapa, mhuri umekwisha gongwa, wewe andika jina tu." Nikamwuliza, "Mwanangu, na dawa iko wapi?" Akanitazama kama mtu anayemhurumia mgonjwa. "Dawa ya nini tena mzee? Wewe si unataka kupita?"

Sikupita. Nilirudi nyumbani, harusi ikanikosa, na ndugu yangu mpaka leo anaponiona hunikumbusha. Lakini swali la yule kijana sikulisahau. Yeye aliona kadi ni kitu cha kupitia tu, kama tiketi ya kivuko. Na ukweli ni kwamba sisi wenyewe ndio tuliomfundisha kufikiri hivyo.

Sasa tutazame ugonjwa wenyewe. Homa ya manjano inaletwa na virusi, na virusi hivyo makao yake ya asili ni nyani na kima wa msituni. Mbu ndiye mchukuzi. Mtu akiumwa na mbu mwenye virusi hukaa siku 3 mpaka 6 bila kujua lolote. Kisha hushikwa na homa, kichwa, maumivu ya mgongo, na kutapika. Wengi hupona baada ya siku chache. Lakini wachache homa huwarudia kwa nguvu, macho yakageuka manjano, wakatokwa damu puani na mdomoni, na katika hao waliofika hapo karibu nusu yao hufa katika siku 7 mpaka 10. Dawa ya kuviua virusi hivyo mgonjwa akishaugua haipo. Daktari atamsaidia kwa maji na kupunguza homa, basi. Chanjo ndiyo ngao, na ngao huvaliwa kabla ya vita.

Watu wa Bukoba nawaombeni mnisikilize hapa, maana nitataja migomba. Mwaka 1936 ilijengwa Entebbe taasisi ya kuchunguza homa ya manjano, kwa fedha za Rockefeller wa Marekani. Siku hizi ni taasisi ya Uganda ya utafiti wa virusi. Wataalam wake walikwenda Bwamba, magharibi ya Uganda, wakajenga majukwaa juu ya miti mirefu, wakakaa huko usiku na mchana kuhesabu mbu. Wakakuta kwamba kule juu msituni yuko mbu anayewauma kima jioni, na virusi huzunguka huko huko juu. Kisha kima hushuka shambani kuiba ndizi, kama tunavyowajua. Na kwenye mgomba, pale jani linaposhikana na shina, hukaa maji kidogo, na katika maji yale huzaliwa mbu wa aina nyingine. Mbu huyo humwuma kima mwizi, na baadaye humwuma mwenye shamba. Ndivyo ugonjwa ulivyokuwa ukitoka msituni kuja kwa watu.

Msinielewe vibaya, sikusema mkate migomba! (Kicheko.) Mzee wangu angefufuka kunilaani. Hayo yalionekana Bwamba, na Tanzania kwa hesabu ya Shirika la Afya la Dunia si nchi ya hatari kubwa ya homa hii. Lakini faraja hiyo ina upande wake wa pili. Kwa kuwa ugonjwa si wa kwetu, watoto wetu hawachanjwi kwa kawaida. Watu wote tuliokaa humu, ukiondoa wasafiri, damu yetu haiujui. Na mwaka 1960 mpaka 1962 ugonjwa huu uliingia kusini-magharibi ya Ethiopia kwa watu ambao damu yao haikuujua. Inakadiriwa waliugua 100,000 na wakafa 30,000.

Na majirani zetu? Mwaka 2016 homa ya manjano ilithibitishwa Masaka. Mnajua nyote ni mwendo gani kutoka Mutukula hadi Masaka. Mtu anakunywa chai kule asubuhi, na chakula cha mchana anakula hapa. Mwaka 2022 Kenya ilitangaza mlipuko Isiolo na Garissa. Basi fikirini juu ya abiria mmoja aliyenunua kadi. Ameumwa na mbu Jumatatu, amerudi kwake Jumatano akiwa mzima anacheka, Ijumaa homa inaanza. Katika siku zile virusi viko ndani ya damu yake, na nyumbani kwake kuna pipa la maji lisilo na kifuniko. Mbu wa pipa yule, mwenye madoadoa meupe miguuni, anauma mchana, hangoji usiku kama mbu wa malaria. Chandarua hakimzuii. Atamwuma mgonjwa, na baada ya siku kadhaa atawauma watoto wa jirani. Kadi ya uongo imempitisha mtu mmoja mpakani, na nyuma yake umepita ugonjwa.

Wapo watakaosema, "Mzee anatutisha." Hayo yalikwisha kutokea. Mlipuko wa Angola ulioanza Desemba 2015 ulivuka mpaka ukafika Kongo, katika mji wa Kinshasa wenye watu mamilioni. Wasafiri wawili wakauleta Kenya. Wafanyakazi 11 wa Kichina wakarudi nao kwao China, na bara la Asia lilikuwa halijapata kuuona ugonjwa huo. Kama kadi ya kila mmoja wao ingekuwa na sindano nyuma yake, wasingeubeba. Chanjo ikapungua duniani mpaka Kinshasa, Agosti 2016, ikabidi watu wachomwe sehemu moja kwa tano ya kipimo, ili iwatoshe wengi. Ilisaidia, lakini kwa sheria za dunia kipimo hicho kidogo hakistahili kuandikwa katika kadi ya kusafiria.

Sasa nije kwenye neno ambalo najua liko mioyoni mwa wengi. Wanasema kadi hizi ni mambo ya Wazungu ya kutusumbua Waafrika. Ndugu zangu, katika neno hilo kuna ukweli, wala sitauficha. Mkataba wa kwanza wa afya ya safari za ndege ulifanywa The Hague mwaka 1933, na waliokaa mezani ni serikali za watawala. Hofu yao kubwa ilikuwa kwamba ndege itachukua homa ya manjano kutoka Afrika Magharibi na kuipeleka mashariki hadi Bara Hindi, kwenye bandari na biashara zao. Bibi yako wa Bwamba hakuwa katika hesabu hiyo. Na tabia ile haijafa. Novemba 2021 wataalam wa Afrika Kusini na Botswana waliona aina mpya ya kirusi cha korona, wakaitangazia dunia bila kuficha. Malipo yao yalikuwa nini? Katika siku mbili tatu mataifa makubwa yakazifungia milango nchi za kusini mwa Afrika, hata zile ambazo hazikuwa na mgonjwa anayejulikana. Msema kweli ndiye aliyefungiwa nje.

(Sauti: Aibu!)

Ni aibu, nami nasema hivyo hivyo. Lakini aibu ile haiponyeshwi kwa kununua kadi. Kila kadi ya uongo inayokamatwa katika kiwanja cha ndege cha ng'ambo humpa afisa wa huko sababu ya kuidharau kadi ya kweli ya jirani yako. Halafu kuna jambo la pili, ambalo hatufundishwi. Chanjo hii si mali ya Wazungu peke yao. Mwaka 1927 katika nchi iliyoitwa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, mtu mmoja jina lake Asibi aliugua homa ya manjano. Wataalam wakachukua damu yake, na kutoka damu ile wakavipata virusi kwa mara ya kwanza. Asibi akapona. Mmoja wa wataalam wale, Adrian Stokes, aliambukizwa akafa Lagos mwaka ule ule. Virusi vile vya damu ya Asibi vikapelekwa New York, na Max Theiler, mzaliwa wa Pretoria, akavilea maabara na kuvipunguza makali mpaka mwaka 1937 ikapatikana chanjo iitwayo 17D. Kwa kazi hiyo alipewa Nishani ya Nobel mwaka 1951. Chanjo unayochomwa leo, popote duniani, nasaba yake ni damu ya Asibi. Na mpaka leo moja kati ya nyumba chache duniani zinazoitengeneza kwa kibali cha Shirika la Afya iko Dakar, Senegal. Nishani alipewa Theiler. Asibi sijui alipewa nini.

Sasa mambo ya kazi. Chukueni kalamu.

Kadi inaanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya sindano. Mtu anayechanjwa leo na kusafiri kesho hana kadi, ana ahadi ya kadi. Kwa hiyo mwenye safari ajitayarishe mapema, aende kituo kilichoruhusiwa na Serikali, si kwa mtu wa kituo cha basi. Ya pili, sindano moja inatosha maisha yote. Zamani kadi iliisha baada ya miaka 10, lakini tangu tarehe 11 Julai 2016 sheria ilibadilishwa, na hata kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10 ni halali mpaka unaingia kaburini. Nasema hili kwa sauti kwa sababu wako watu katika mipaka fulani wanaowaambia akina mama, "Kadi yako imeisha, lipa." Haikuisha. Mwambie kwa upole, na kama hataki kusikia, omba umwone mkubwa wake.

Ya tatu, isome kadi yako kabla hujatoka kituoni. Iwe na jina lako kama lilivyo katika pasipoti, tarehe, jina la aliyetengeneza chanjo na namba ya fungu la dawa, mhuri wa kituo, na sahihi ya mkono ya mganga. Mhuri peke yake hautoshi, sheria inataka mkono wa mtu. Ukifuta au kukwaruza neno, kadi inaweza kukataliwa. Kila mtu na kadi yake, hata mtoto. Mtoto asiyejua kuandika mzazi humtilia sahihi. Na mzee asiyejua kusoma asione haya: sheria ya dunia imemweka, ataweka alama yake na mwingine ataandika kwamba hiyo ni alama yake.

Ya nne, si kila mtu huchanjwa. Mtoto aliye chini ya miezi 6 hachanjwi kabisa, na kwa kawaida hungojewa afikishe miezi 9. Mja mzito, mzee aliyepita miaka 60, mtu ambaye kinga ya mwili wake imeanguka, na yule ambaye mayai humdhuru vibaya, kwa kuwa chanjo hii hukuzwa katika mayai ya kuku, hao wote wazungumze na daktari kwanza. Daktari akiona haifai, atawapa barua yenye sababu zake, na barua hiyo inajulikana mpakani. Na msafiri aliyetoka nchi yenye ugonjwa bila kadi wala barua anaweza kuzuiwa chini ya uangalizi, lakini kwa homa hii si zaidi ya siku 6. Hakuna mahali sheria ilipoandika "toa kitu kidogo."

Nataka niseme pia kwamba kadi si kila kitu. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa hapa hapa wilayani, upande wa Maruku na Kanyangereko. Hakuna aliyeuliza kadi, kwa sababu ugonjwa ule haukuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Waliugua watu 9, wakafa 6, na mmoja wa waliokufa alikuwa mtumishi wa afya. Kwa nini haukuwa mia? Kwa sababu watu waligonga milango. Kila aliyemgusa mgonjwa alitafutwa, akaandikwa, akatembelewa siku 21, asubuhi akapimwa homa. Watu zaidi ya 200 walifuatwa namna hiyo. Tarehe 2 Juni 2023 mlipuko ukatangazwa umekwisha. Mnakumbuka tulivyoacha kupeana mikono msibani, na jinsi ilivyouma kumzika mtu bila kumwosha. Wale vijana waliopita nyumba kwa nyumba na kutukanwa njiani, sijaona bado mtaa uliopewa jina lao.

Na wale wanaosema chanjo haina maana, nawapa habari ya Merka, nchi ya Somalia. Mpishi wa hospitali, kijana wa miaka 23, Ali Maow Maalin, aliogopa kuchanjwa ndui kwa sababu, alivyosema mwenyewe baadaye, aliona sindano itamwuma. Oktoba 1977 gari lilifika na watoto wawili wenye ndui, naye akapanda kumwonyesha dereva njia. Safari ya dakika chache! Akashikwa. Katika majuma mawili watu zaidi ya 50,000 wakachanjwa kumzunguka, na ugonjwa haukupata pa kwenda. Yeye ndiye mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida. Mwaka 1980 dunia ikatangaza kwamba ndui imekwisha, na cheti cha ndui, ambacho wazee hapa walikibeba mpaka kikachakaa, kikafutwa. Hakuna aliyekifuta kwa kukinunua. Maalin alipona, akatumia miaka yake ya uzeeni akizunguka Somalia kuwaombea watoto chanjo ya polio, akiwaambia wazazi ujinga wake mwenyewe. Alikufa kwa malaria mwaka 2013, katika kazi hiyo hiyo.

Nimemaliza yangu, ndugu Mwenyekiti. Kama kuna maswali nitayajibu.

Mama mmoja mfanyabiashara aliuliza: Mimi nilinunua, nakiri. Sasa nifanye nini, nikachanjwe nikamatwe?

Jibu: Dada yangu, nenda kituoni kesho, sema sina kadi, nataka kuchanjwa. Hayo ni maneno ya kweli, kwa sababu kadi huna. Ile ya zamani ichane. Siku 10 usisafiri.

Mzee mmoja aliuliza kama kadi hiyo hiyo inamtosha anayekwenda Makka.

Jibu: Haitoshi. Mahujaji hutakiwa chanjo ya homa ya uti wa mgongo, tangu ugonjwa ulipozuka Hija ya 1987, nayo ichomwe siku 10 kabla ya kufika. Homa ya manjano huulizwa kwa anayetoka nchi zenye ugonjwa, kwa hiyo kama utapitia Entebbe, uwe nazo zote mbili. Orodha hubadilika kila mwaka, uliza mapema kwa wanaosimamia safari.

Kijana wa mlangoni aliuliza: Na mapipa ya maji, nani atayafunika? Halmashauri?

Jibu: Pipa lako lina urefu gani?

Kijana: Kifuani.

Jibu: Basi mkono wako unafika.

Mwenyekiti akatangaza kwamba Jumamosi saa 2 asubuhi wanachama wakutane nyuma ya soko kukusanya matairi mabovu na makopo yanayoshika maji. Atakayekuwa na mkokoteni aje nao.